Fundi kaniambia nimlete mume wangu, kumbe mwenyewe gia hazijui

Naandika hii goti likiwa bado na kidonda, kwa hiyo mtanivumilia hasira zangu.

Nina baiskeli ya gia, zile za matairi mapana yenye meno, ni mtumba, kaka yangu alinitumia kutoka Dar kwa basi. Nakaa upande wa Ng'ong'ona na kazi yangu iko mjini, na anayeijua Dodoma anajua kile kilima cha UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, si cha mchezo, halafu upepo wa huku ukiamua kukukuta usoni unaweza ukashuka ukasukuma. Bila gia nzuri hutoboi. Sasa tangu inashuka kwenye buti la basi gia za nyuma zilikuwa hazitulii, ukiweka ya tatu inaenda ya nne yenyewe, inarudi, cheni inalia krrr krrr, na ukikandamiza pedali kwenye mlima inaruka tak! mguu unateleza hewani. Nikavumilia wiki kadhaa, ilikuwa kipindi kile cha vumbi kabla mvua hazijaanza, nikadhani labda ni vumbi tu limejaa.

Nikaipeleka duka moja la baiskeli mjini, jina silitaji. Duka zuri, vifaa vimepangwa, ndio maana nikawaamini. Nimefika nimesalimia vizuri, jamaa yuko kwenye simu haniangalii. Anauliza, "Baiskeli ya nani hii?" Yangu. "Ya mumeo?" Yangu kaka, naiendesha mimi kila siku. Akacheka, akasema, "Basi mlete mumeo tuelewane, maana nyie akina mama mnachezea gia hovyo mpaka zinaharibika, halafu lawama kwa fundi." Mbele ya wateja jamani. Kuna kijana mmoja anajifunza kazi pale aliinamisha kichwa, nadhani aliona aibu kwa niaba ya bosi wake.

Nikameza. Nilikuwa nataka gia zangu. Akachukua bisibisi akazungusha zile skrubu mbili ndogo, yenye H na yenye L, akazungusha tena, akasema na cheni imekwisha, akaniuzia mpya. Elfu 15 ya ufundi, elfu 12 ya cheni. Cheni ya zamani nikaiweka kwenye mkoba, sijui hata kwa nini, Mungu tu.

Siku mbili tatu baadaye napanda kilima, nimechoka, nikaweka gia nyepesi kabisa, ile sproketi kubwa ya ndani, lile duara la meno lililo karibu na spoku. Ule mkono wa gia unaoning'inia nyuma ukapitiliza ukaingia kwenye spoku. Tairi likagandia hapohapo, mimi chini, kokoto za pembeni ya barabara zote gotini, na daladala nyuma yangu imefunga breki nasikia konda anapiga kelele. Spoku mbili zimekatika. Nikaikokota baiskeli na damu inachuruzika mpaka kwenye soksi.

Nikarudi dukani kesho yake. Mnajua alisema nini? "Si nilikwambia unabadilisha gia vibaya." Pole hakuna. Nikaomba hata nusu ya hela, akaniambia ningekuja na mwanaume tungeongea. Akamgeukia mteja mwingine.

Sasa haki itendeke, baiskeli ilikuja na tatizo lake, hilo sio kosa lake, na wala simlaumu kwa gia kuruka. Ila hakuangalia! Nasema hivyo kwa sababu baadaye kuna mzee anatengeneza chini ya mwarobaini njia ya kwetu, hana duka, ana sanduku la spana na pampu. Nimemwambia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, halafu akanisalimia na Kigogo, mbukwa, kwanza akaangalia goti, ndio akaangalia baiskeli. Akachuchumaa nyuma ya tairi, akafumba jicho moja, akaniita nichuchumae na mimi. Akaniambia angalia vile vigurudumu viwili vya mkono wa gia, vinatakiwa visimame wima chini ya sproketi. Vyangu vimelala, cha chini kimeegemea spoku. Kile kichuma cha kwenye fremu kinachobeba gia kimepinda, akauliza ilisafirije, nikamwambia kwenye buti, akasema basi ililazwa upande wa gia wakapanga mizigo juu. Yaani sekunde kumi tu hizo!

Halafu akafanya kitu nilichokaa nakiangalia mdomo wazi. Akafungua mkono wa gia, akachukua gurudumu la nyuma la baiskeli nyingine, akaingiza ekseli yake kwenye lile tundu la gia, nyuzi zikakubali, ekseli milimita 10 na tundu milimita 10. Magurudumu mawili yakawa yamesimama sambamba kama mapacha, langu na lile la kuazima. Akakata njiti ya ufagio akawa anapima nafasi kati ya rimu na rimu, juu, chini, mbele, nyuma, kule kwenye nafasi ndogo anavuta taratibu, anapima tena. Fremu yangu ni ya chuma, akasema ingekuwa ya alumini asingethubutu kuikunja hivyo maana inaweza kukatika. Alipomaliza njiti ikawa inapita sawasawa kote.

Zile skrubu, akaniambia, ni mipaka tu, H inazuia cheni isidondoke nje na L inazuia isiingie kwenye spoku, gia ikiruka katikati huko haiponi kwa kuzungusha mipaka. Yule wa dukani L aliiachia mpaka mwisho! Ndio iliyonitupa. Na ile cheni ya mkobani akaiwekea rula: ukianza kwenye pini moja, pini ya 24 mbele yake inatakiwa iangukie inchi 12 kamili, ikivuka kwa moja ya kumi na sita ya inchi cheni imekwisha. Iliangukia 12. Cheni ilikuwa nzima, jamaa kanilia elfu 12 yangu mchana kweupe.

Mzee akaweka spoku mbili, akapuliza vumbi kwenye ganda la waya, akakaza waya, akamalizia na ile nati ya waya nusu mzunguko nusu mzunguko mpaka kelele zikaisha. Elfu 8 vyote. Niliipandisha UDOM jioni ileile, gia zinaingia tk, tk, kama unafunga vifungo vya shati, nikafika juu nimesimama tu naangalia taa za mji nikahisi machozi.

Nilishasema namsamehe yule wa dukani, hela inatafutwa. Juzi nimepita pale, yule kijana akatoka mbio akaniuliza dada imeponaje, nikaigeuza nikamuonyesha kile kichuma, akachuchumaa akafumba jicho, akaelewa. Bosi akamfokea kutoka ndani, "Acha kupoteza muda na huyo." Basi hapana, simsamehi. Elfu 15 akae nayo, ila cheni na spoku zangu mbili nazidai, na nitaenda peke yangu.