Vijiti vya rangi rangi vya kukerezea kalamu kutoka Keko: msumeno safi, gundi ya mpingo hapana

Nianze na jibu kabisa maana wengi mnaouliza mnataka kujua kitu kimoja tu, ninunue au nisinunue. Nunua, ila usichukue vyote. Nazungumzia vile vijiti vya mbao za rangi tofauti vilivyokwisha kugundishwa tayari kwa kukereza kalamu, yaani kuchonga mbao ikizunguka kwenye mashine, kuna fundi wa Keko pale Dar anavitengeneza na kutuma mikoani. Jina simtaji kwa sababu kuna mawili matatu hapa chini hayatamfurahisha na mzee mwenyewe ni mstaarabu, simu anapokea, mzigo anafunga vizuri, basi likifika Tanga kifurushi kipo.

Pakiti ina vijiti kumi, elfu sitini. Kila kijiti kina pande za milimita 19 na urefu wa kama sentimita 13, kwa hiyo kinatosha kalamu moja ile ya kawaida nyembamba yenye vibomba viwili vya brasi vinavyoingia kwenye tundu la mbao, na ukishakata katikati unabaki na nafasi kidogo ya kusawazisha ncha. Mbao ni zetu hizi hizi, mpingo, mninga, mfenesi na tiki. Mpingo anachukua vipande vinavyobaki kwa wachongaji wa Mwenge, na anajua kuutumia hata ule weupe wa pembeni ambao watu wanautupa, ukikaa karibu na weusi wake mwenyewe unapendeza kuliko rangi yoyote ya dukani.

Sasa ukataji. Hapa mzee simuwezi, nasema wazi. Mtu ambaye hajawahi kutengeneza hivi vitu anadhani kazi ni kupanga rangi, wapi, rangi hata mtoto wa darasa la pili anapanga, kazi ni msumeno. Hebu fikiria kalamu yenyewe, tundu ni milimita 7, halafu ukishakereza pale panapokutana na ncha ya chuma unene wa nje ni milimita 8 na kitu hivi, maana yake mbao iliyobaki kila upande haifiki hata milimita moja. Hapo huna pa kuficha kitu, pakiwa na uwazi kidogo tu kati ya mninga na mfenesi unaona mstari wa gundi umekaa pale na hakuna polishi itakayouondoa.

Na anafanya mpaka ule mtindo wa pete zinazosukana, ambao ndio uliofanya nimtafute. Unakata kijiti kwa mshazari, unabandika utepe mwembamba wa mbao nyingine kwenye mkato, gundi ikikauka unageuza robo unakata tena, hivyo hivyo mpaka pande zote nne ziishe. Ugumu wote uko kwenye unene wa huo utepe, lazima ulingane na kile ambacho bledi inakula. Bledi ikila milimita 2 na wewe ukaweka utepe wa milimita moja na nusu, kila mkato unafupisha kijiti kidogo, mistari inahama, pete hazikutani, na hutajua mpaka umeshakereza na umeshamaliza muda wako. Zake zinakutana, zote. Nilimuuliza kwenye simu akaniambia utepe anauranda kufuata bledi aliyonayo siku hiyo, ikitoka kunolewa anapima upya, na hakati kijiti mpaka kikaachana, anabakiza kidogo pale chini ili kipande kisihame. Hiyo peke yake ina thamani ya elfu sitini kwa mtu kama mimi ambaye sina msumeno wa meza wa maana.

Haya, gundi. Kwenye mninga na mfenesi anatumia gundi nyeupe ya mbao, anabana na jiriwa, analaza usiku kucha, sina neno. Shida ni mpingo, yaani gundi ile ile, namna ile ile. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa kwenye maji unazama, nyuzi zimeshonana na una mafuta yake ndani, gundi nyeupe haipati pa kuingia inabaki kukaa juu juu. Kijiti kimoja kiliachia nikiwa bado natoboa, kingine kikasubiri mashine inazunguka na nimeshafika karibu na mwisho ndio kikaruka kikagonga ukuta. Nikaokota vipande kuangalia, gundi imebanduka nzima nzima kama utandu wa maziwa, upande wa mpingo msafi kabisa.

Nikampigia. "Shikamoo fundi, ule mpingo umeachia." "Marahaba mwanangu, mpingo ndivyo ulivyo." Sasa jibu gani hilo jamani! Vijiti viwili alinirudishia bila ubishi, hilo nampa, lakini kinachonikera ni kwamba dawa anaijua. Kwenye pakiti hiyo hiyo kuna vijiti vyenye utepe wa aluminiamu ya kopo la soda, na ile aluminiamu ameikwaruza msasa pande zote mbili akaifunga na epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, imeshika mpaka leo haijatikisika. Kwa hiyo epoksi ipo karakana, anaibania tu. Mpingo unataka hivyo hivyo, unaukwaruza na msasa wa 100, unaufuta na asetoni kutoa mafuta, unapaka epoksi ile ya pole pole siyo ya dakika 5, papo hapo kabla mafuta hayajarudi juu, na usibane kwa nguvu zote maana ukikaza sana gundi yote inatoka nje mbao zinabaki kavu. Tiki nayo ina mafuta ila ya kwake mpaka sasa imevumilia.

Ukishanunua, vingine ni vya kwako wewe. Toboa taratibu na chomoa biti mara kwa mara kutoa unga, joto linalainisha gundi karibu zote na kijiti chenye maungio mengi hakisamehi. Vumbi la mpingo likiingia kwenye mfenesi ule unjano mzuri wote unageuka uchafu, hivyo paka supaglu nyepesi kabla ya kuanza msasa mwembamba, piga msasa wa mwisho kwa urefu mashine ikiwa imezimwa, halafu puliza na hewa, usifute na spiriti maana ndio unasambaza weusi. Na vaa barakoa, vumbi la mpingo linawasumbua watu kifua na ngozi.

Ukavu wa mbao pia muulize. Nina mteja Dodoma, kalamu ilitoka Tanga laini kabisa, baada ya kukaa kule kwenye hewa kavu akaniambia akipitisha ukucha anasikia vituta kwenye maungio, kila mbao imenywea kivyake. Haijapasuka, inaandika, ila unasikia. Fundi anasema anakausha, hakusema kwa muda gani.

Bei kwa kweli sio ndogo, elfu sita kijiti kimoja kabla hujanunua hata vyuma vya kalamu, lakini kalamu ya pete naiuza mara kadhaa ya hapo na sijawahi kukaa nayo muda mrefu. Oda inayofuata nimeshaiweka, mninga na mfenesi vya kugundishwa na yeye, vile vya aluminiamu viwili vitatu, na mpingo nimemwambia aukate tu, tepe na vipande aviweke kwenye mfuko bila kuvigusa na gundi, nitafunga mwenyewe. Amekubali kupunguza elfu kumi.