Mashine ya matofali ya intaloki: chuma safi, fundi wao balaa

Sitaki tena kusikia habari za huduma kwa mteja. Mashine yenyewe, ya kushindilia matofali ya kupachikana, ni ya haidroliki, yaani inasukumwa kwa presha ya oili, ile ya kisasa yenye mota ya sevo inayobadili mwendo kulingana na kazi, na tangu ifungwe hapa Dodoma nilikuwa naisifia kwa kila fundi ujenzi aliyepita. Ile yangu ya zamani mota ilizunguka kutwa nzima hata kama hakuna tofali. Oili ikasukumwa bure, ikarudi tangini kupitia valvu ya usalama, nguvu yote ikaishia kuwa joto. Ikifika saa nane mchana oili imeshakuwa nyepesi, silinda inapanda kwa kusuasua. Mota ya hii mpya inakaza mwendo pale tu inaposhindilia. Kelele imepungua, umeme wa luku unakaa, tangi unaligusa kwa kiganja. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi ni fundi wa hao walioniuzia. Mpira mmoja wa oili ulianza kutoa ukungu mwembamba karibu na nati. Nikapiga simu, akaja anapojisikia, uso kaukunja. Akaiwasha, akaipandisha hadi presha ya kazi, kisha akamwambia kijana wangu: "Pitisha mkono hapo usikie panapovuja."

Mkono! Oili inayotoka kwenye kitundu kidogo kama cha ncha ya sindano kwa presha ile inatoboa ngozi, glavu za kazi haziizuii. Kidonda kwa nje unaona kitone tu, huku ndani nyama inaharibika. Usipofanyiwa upasuaji haraka unaweza kukatwa kidole, hata mkono. Panapovuja hutafutwa kwa kipande cha boksi, wewe umekaa mbali. Nikapiga kelele, nikabonyeza kitufe chekundu. Akanijibu mbele ya vijana wangu: "Mama, wewe uza tofali, mashine tuachie wenyewe."

Wenyewe! Nikapiga ofisini kwao, wakasema watalifanyia kazi. Kimya mpaka leo.

Nilitaka kuwaambia msinunue kabisa. Lakini mashine haina kosa: fundi wa mtaani alinitengenezea mpira mpya, akausafisha ndani kabla ya kuufunga, maana uchafu ndio unaoua pampu, na kazi ikaendelea siku ileile. Basi nyota nne. Hapana, mbili. Yule kijana anakula kwa mikono yake, na fundi huyo bado anazungushwa kwa wateja wengine. Akija kwako, zima mashine kwanza, na vijana wako wakae mbali naye.