Kompaila nzuri ya C++, ila inazima pale inapopaswa kusema

Nimefundisha C++, lugha ya kuandikia programu, kwa kompaila hii (programu inayogeuza tulichoandika kuwa lugha ya mashine) miaka miwili sasa, katika chumba chetu cha mafunzo hapa Kondele, Kisumu. Ni ya bure, ukishaipakua haili bando, na laptopu zetu kuukuu zenye RAM ya giga 4 inaziendea vizuri. Kwa hayo naisifu.

Wiki jana mwanafunzi wangu alikuwa akiandika programu ya kuweka kilo za samaki wanaopimwa pale ufukweni Dunga. Ndani ya klasi (kiolezo cha kitu kwenye programu) ya Mvuvi alitaka safu ya kilo, yaani orodha ya namba, nafasi moja kwa kila siku ya kazi. Akaandika hivi:

double kilo[SIKU - MAPUMZIKO];

Huko juu alikuwa amezipishanisha namba: SIKU 1, MAPUMZIKO 7. Jibu ni hasi 6. Kosa la kawaida kabisa, na sheria ya C++ inajulikana: ukubwa wa safu ujulikane wakati wa kukompaili, na uzidi sifuri.

Kompaila ingemwambia tu kwamba mstari wa 9 una safu ya ukubwa hasi. Badala yake ilinyamaza kidogo, ikaandika kwamba yenyewe imepata hitilafu ya ndani, ikazima. Mstari haikuutaja. Binti wa watu akaondoa mikono kwenye kibodi kama aliyeungua. "Mwalimu, nimeharibu kompyuta?"

Hapo niliumia kweli. Anayeanza hujifunza kwa ujumbe wa makosa. Ukikosekana, anadhani mbovu ni yeye. Tulikaa karibu saa nzima tukifuta mstari mmoja mmoja. Nilipouhamisha ule mstari ndani ya main, sehemu programu inapoanzia, kosa likatajwa vizuri. Nikiurudisha kwenye klasi, inazima tena. Kwenye klasi kompaila hupiga hesabu ya ukubwa wa kitu kizima, na kwetu kila double (namba yenye desimali) ni baiti 8, kwa hiyo safu mbovu inapaswa kukataliwa kabla hesabu haijaendelea.

Nimejaribu toleo jipya, mambo ni yale yale. Nimewatumia waundaji mistari 5 inayotosha kuiangusha.

Nyota 3 kati ya 5. Walimu wenzangu, ikiwazimikia bila kutaja mstari, anzeni na mabano ya mraba yaliyo ndani ya klasi.