Mwaka mmoja na MacTutor: hadithi za wanahisabati, uongo wangu wa darasani na tochi ya bwenini

Nianze kwa kuungama. Kwa miaka sita nimekuwa nikiwadanganya wanafunzi wangu kuhusu Évariste Galois, tena kwa mbwembwe. Kila tukifika kwenye milinganyo ya kipeo cha pili, ile siku darasa limechoka na mvua inapiga bati, nilikuwa naweka chaki chini na kuanza: palikuwa na kijana wa Kifaransa, umri miaka 20, anajua kesho asubuhi atapigwa risasi. Basi usiku ule akakaa na mshumaa, akaandika hisabati mpya nzima, mwanzo hadi mwisho, na kulipokucha akaenda kufa. Darasa kimya! Hata wa dawati la nyuma wanaamka.

Mwaka jana binti mmoja wa Kidato cha Pili akanyoosha mkono. "Mwalimu, usiku mmoja tu? Sisi maswali kumi yanatushinda usiku mmoja." Wakacheka, nikacheka nao, lakini nilitoka pale nimekabwa na kitu kooni. Jioni nikachukua kishikwambi, hivi tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, nikaanza kutafuta. Ndivyo nilivyokutana na MacTutor.

Kwa asiyeijua, ni hazina ya historia ya hisabati inayotunzwa na Chuo Kikuu cha St Andrews, kule Scotland. Walioianzisha ni walimu wawili wa chuo hicho, John O'Connor na Edmund Robertson. Jina limebaki kutoka kwenye programu ya kufundishia hisabati waliyoitengeneza kwa ajili ya kompyuta za Macintosh. Mwaka 2015 Chama cha Hisabati cha London kiliwapa Tuzo ya Hirst kwa kazi hii. Ndani mna wasifu wa watu zaidi ya 3,000, na ukurasa wa mbele unakuonyesha leo ni siku ya kuzaliwa au kufariki kwa nani.

Hulipi kitu. Hujisajili. Hakuna matangazo ya kamari ya kukurukia usoni. Anayeishi kwa bando la buku anajua hayo yana uzito gani: kurasa ni maandishi na picha chache ndogo, zinafunguka hata mtandao ukiwa unajikongoja, na nimesoma mwezi mzima wa jioni bila kulaani kampuni ya simu.

Nikafungua ukurasa wa Galois, nikaikuta aibu yangu imeandikwa pale kwa sentensi moja: hadithi ya usiku mmoja inaelekea imetiwa chumvi. Ukweli wenyewe ni huu. Kijana alifeli mara mbili mtihani wa kuingia École Polytechnique, chuo cha Paris. Katikati ya hayo, mwaka 1829, baba yake alijiua. Kazi zake za hisabati alikuwa ameshazipeleka Akademia ya Sayansi ya Ufaransa muda mrefu kabla ya usiku ule. Moja ilikuwa mikononi mwa Fourier, mwanahisabati wa Akademia hiyo, Fourier akafariki mwaka 1830, na karatasi hazikuonekana tena. Nyingine ilifika kwa mwanahisabati mwingine wa hapo, Poisson, akairudisha akisema hoja zake hazieleweki vya kutosha. Usiku wa tarehe 29 Mei 1832 Galois alimwandikia rafiki yake Auguste Chevalier barua ndefu na kupitia upya karatasi alizokwisha kuziandika. Pembeni mwa ukurasa mmoja akadokeza kwamba uthibitisho huu una la kukamilishwa, ila hana muda. Maneno hayo machache ya pembeni ndiyo yaliyozaa ngano yote niliyokuwa nikiiuza. Kesho yake alipigwa risasi kwenye pambano la bastola la watu wawili, tarehe 31 akafariki. Kazi yake ilikaa hadi 1846 ndipo mwanahisabati Liouville akaichapisha.

Nilirudi darasani nikawaambia: nilichowaambia siku ile hakikuwa kweli, kaeni niwape chenyewe. Nilidhani watachoka. Walichangamka kuliko siku zote, kwa sababu usiku wa kupigana kwa bastola hawaujui, lakini kufeli wanakujua na karatasi kupotea ofisini wanakujua zaidi. Mmoja akasema, "Mwalimu, hata jaribio langu la mwezi wa tatu lilipotea." Nikamwambia akalitafute kwa Fourier. (Lilikuwa kwangu, chini ya mashajala ya darasa. Nilimrudishia wiki iliyofuata, 62.)

Hapo ndipo ninapoipa MacTutor heshima. Ipo mitandao kibao ya "wanahisabati kumi waliobadilisha dunia", yote imejaa asali. Hawa wa St Andrews wanakupa na mifupa: barua, tarehe, nani alimkataa nani, nani alikuwa na madeni. Msome Niels Henrik Abel, Mnorwe aliyezaliwa 1802, ila usimsome usiku peke yako. Huyu ndiye aliyethibitisha kwamba hakuna kanuni ya jumla ya kutatua mlinganyo wa kipeo cha tano kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta vipeuo. Swali lilikuwa limewasumbua watu karne kadhaa. Alipotaka kulichapa jibu mwaka 1824 alilipia mwenyewe, na kwa kuwa mfuko ulikuwa mtupu, akaubana uthibitisho wote ukaingia kurasa sita, hata wasomaji wakashindwa kuufuata. Mimi ninayebana mitihani miwili kwenye karatasi moja ya fotokopi nilimwelewa hapohapo. Baadaye akaenda Paris, kazi yake kubwa ikaishia kwa Cauchy, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, nayo ikatupwa pembeni. Kifua kikuu kikamwondoa tarehe 6 Aprili 1829, ana miaka 26. Tarehe 8 rafiki yake Crelle, mchapishaji wa jarida la hisabati, alikuwa akimwandikia kutoka Berlin kumpa habari njema: kazi ya kudumu imepatikana.

Nilipowasomea hiyo, kengele ililia na hakuna aliyesimama.

Mwingine aliyenikaa moyoni bado yu hai. Caucher Birkar alizaliwa 1978, mtoto wa wakulima, eneo la Marivan katika Kurdistani ya Iran. Akasoma Tehran, akaenda Uingereza kama mkimbizi, akapata shahada ya uzamivu Nottingham. Jina alilozaliwa nalo ni lingine kabisa. Hili alilichukua alipofika ugenini, na kwa Kikurdi maana yake ni kama "mwanahisabati mhamaji". Mwaka 2018, Rio de Janeiro, akapewa Medali ya Fields, ambayo kwa wanahisabati ndiyo kilele, na haikupita saa moja ikaibwa pamoja na mkoba wake. Ilibidi wampe nyingine siku chache baadaye. Nimewahi kufundisha Kasulu, jirani na kambi ya Nyarugusu, na nimekaa na watoto wa Kikongo na Kirundi wanaopiga hesabu za kichwa kuliko mimi. Ningekuwa na hadithi hii miaka ile, ningeisimulia kila Jumatatu. Mwizi wa Rio wangempenda sana, maana watoto hupenda mwizi akiwepo.

Sasa kasoro, maana zipo, na wengine wenu mnasoma tathmini kutafuta hizo tu.

Kila kitu ni Kiingereza, tena Kiingereza cha wasomi. Mwanafunzi wa kidato cha pili umwachie kishikwambi peke yake atarudi kwako baada ya dakika tano. Kazi ya kutafsiri ni yako mwalimu, na inakula muda. Kurasa za watu wakubwa ni ndefu, na katikati ya maisha ya mtu unaweza kuangukia aya ya nadharia ambayo hata mwenye shahada ataikwepa kwa adabu. Kwa wanahisabati wa karne ya 20 upo ugonjwa mwingine: wasifu wa baadhi yao unasomeka kama barua ya kuomba kazi, alipata cheo hiki mwaka huu, tuzo ile mwaka ule, mpaka unajiuliza kama huyu mtu aliwahi kula chakula.

Wala wao hawajapona ugonjwa wangu wa chumvi. Nenda kwa Gauss, mwanahisabati mkubwa wa Ujerumani. Utaikuta ile hadithi ya mtoto aliyejumlisha namba kutoka 1 hadi 100 papo hapo, mwalimu akabaki mdomo wazi, imesimuliwa kama jambo lililotokea hivyohivyo. Chanzo cha hadithi hiyo ni kitabu cha Sartorius von Waltershausen, rafiki wa Gauss, kilichotoka 1856 baada ya Gauss kufariki, na humo hakuna 1 wala 100. Anataja tu kwamba mwalimu alitoa zoezi la kujumlisha mfululizo wa namba. Hiyo 1 hadi 100 wameiongeza wasimuliaji wa baadaye. Nilifurahi kidogo, nakiri. Kumbe hata Scotland wapo walimu wanaosimulia mvua ikinyesha.

Jingine ni ramani yao ya mahali wanahisabati walikozaliwa. Ulaya alama zinapandana kama sisimizi kwenye sukari, halafu ukishuka kwetu unatafuta kwa tochi. Waafrika wapo, nisiwasingizie. Nimemsoma Chike Obi, Mnaijeria wa kwanza kupata uzamivu wa hisabati, Cambridge 1950, ambaye akaja kuwa mwanasiasa na kuanzisha chama chake. Lakini mtoto wa Iringa anataka jina analoweza kulitamka bila mazoezi. Hapo huwa naiacha MacTutor na kurudi kwa Erasto Mpemba, ingawa ni wa fizikia: mwanafunzi wa sekondari ya Magamba aliyegundua mwaka 1963, wakitengeneza aiskrimu, kwamba mchanganyiko wake wa moto uliganda kabla ya ule wa mwenzake uliopozwa. Mwalimu wake akamcheka. Alipokuwa shule ya Mkwawa, hapahapa kwetu Iringa, akamuuliza Profesa Denis Osborne wa Dar es Salaam mbele ya wenzake, wakamcheka tena. Osborne yeye akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Hadithi ya namna hiyo kuhusu mwanahisabati wetu ningeilipia, hata kama ni ya bando la wiki.

Kwa jumla natoa nyota nne kati ya tano. Ushauri kwa walimu wenzangu: msiwape watoto kiungo tu mkakaa. Soma mwenyewe usiku, chagua vitu vitatu, uvisimulie kwa dakika saba, halafu rudi ubaoni.

Na mchague kwa uangalifu, kwa sababu ya yaliyonipata muhula huu. Nilisimulia habari za Sophie Germain. Mapinduzi ya Ufaransa yameanza, mwaka 1789, binti ana miaka 13, kafungiwa ndani, kwenye vitabu vya baba yake anakutana na Archimedes, mwanahisabati wa Wagiriki wa kale, na hisabati inamteka. Wazazi hawataki. Usiku wanamnyang'anya nguo za joto na moto wa chumbani ili alale. Yeye anaficha mishumaa, anajifunga blanketi na kusoma huku wino ukiganda kwenye kidau. Baadaye anawaandikia wanahisabati Lagrange na Gauss kwa jina la kiume, Monsieur LeBlanc. Gauss alikuja kujua kwamba huyo bwana ni binti pale jeshi la Ufaransa lilipoingia Brunswick, mji wa Gauss, na Sophie akamwomba jenerali wa kufahamiana nao ahakikishe Gauss hadhuriki. Mwaka 1816 akashinda tuzo ya Akademia.

Siku nne baadaye matroni alinifuata stafu, kashika tochi ya sola. Amemkuta binti saa sita usiku, chini ya blanketi, na daftari la hisabati. Alipomuuliza, binti akamjibu kwamba hata Sophie alifanya hivyo. Matroni alitaka kujua huyo Sophie ni wa bweni gani.

Binti nimemwombea msamaha, amesamehewa. Tochi iko kabatini kwa matroni mpaka likizo.