Filta ya 80A: Angalia Balbu Inavyojiakisi Kabla Hujalipa

Roli nzima ya filamu ya harusi imeniharibikia kwa sababu ya kioo kimoja cha bluu, filta ya 80A inayofungwa mbele ya lenzi. Rangi zilitoka safi, umanjano wa balbu za tungsteni (zile za waya unaowaka) haupo. Lakini kila taa iliyokaa juu kulia ilijirudia chini kushoto kama doa, na mara mbili doa hilo likatua usoni mwa bibi harusi.

Kwamba 80A hulinganisha taa ya kelvini 3200 (kipimo cha rangi ya mwanga) na filamu iliyotengenezwa kwa mwanga wa mchana, na kwamba inakula stopu 2, yaani inabakiza robo ya mwanga, hata filamu ya ISO 400 (wepesi wake wa kushika mwanga) ukaipima kama 100, hayo mnayajua. Kinachosahaulika ni tabaka la kuzuia mwakisiko linalopakwa juu ya kioo. Kioo kitupu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kila upande. Mchana huenda usigundue. Usiku, balbu ikiwa ndani ya picha na nyuma yake giza, utagundua. Ishike filta chini ya taa: taswira ya balbu ikiwa nyeupe kali, kioo ni kitupu, ikiwa hafifu yenye ukijani au uzambarau, kina tabaka.

Ya kununua, ya kwanza kwangu ni Hoya 80A yenye herufi HMC, alama ya kwamba ina tabaka hilo, na upendeleo wangu sifichi. Pasipo herufi hizo, irudishe.

Ya pili ni ya kampuni ya B+W, ambayo 80A huiita KB 15. Pete yake ya shaba haing'ang'anii lenzi kama za alumini, ila kagua tabaka kwa macho yako.

Ya tatu si filta: CineStill 800T, filamu iliyotengenezwa kwa mwanga wa tungsteni, haikudai stopu hata moja. Tatizo, tabaka lake la nyuma la kuzuia mwanga kurudi limeondolewa, kwa hiyo taa huvikwa duara jekundu. Nikimbie doa jeupe nikaangukie jekundu? Wapo wanaolipenda.

Cokin 020, 80A yao, ni ya bei rahisi, ni plastiki, inakwaruzika. Basi.

Sasa wauzaji. Wanaandika "filta ya bluu" na kunyamaza. Bluu ipi? 82A nayo ni bluu, ila hafifu, inakula theluthi tu ya stopu. Kwa balbu haifui dafu. Na kila kipenyo kikipanda, bei inaruka. Nunua moja ya lenzi yako kubwa, ndogo zivishe pete za kuunganishia.

Aliyeniuzia ile ya harusi nilimuuliza kama kioo kina tabaka. Akanijibu nisiwe na wasiwasi, ameshakifuta.