Kutenganisha ndege: mwongoza ndege au rubani?

Jukumu la kutenganisha ndege likibaki kwa mwongoza ndege aliye ardhini, anapima kwa rada: kwa kawaida maili 5 za baharini ndege zikiwa safarini, 3 karibu na kiwanja, au futi 1,000 za kimo. Giza na mawingu havimsumbui. Udhaifu wake ni redio. Marubani wawili wakibonyeza kitufe kwa pamoja, kinachosikika ni mlio tu.

Akimkabidhi rubani, maili hizo hazipo tena, ni macho. Anamtajia ndege nyingine iliko, umbali na aina yake. Rubani akijibu anaiona, anaagizwa ajitenge nayo mwenyewe. Ikimpotea, aseme papo hapo. Foleni ya kutua hubanwa vizuri, na hapo ndipo njia hii inapolipa. Usiku, hapana: taa za mji huimeza ndege, au rubani anafuata ile siyo. Na taa isiyosogea kiooni ndiyo ya kuogopwa, maana huenda mnakutana.

Tena rubani anabeba mzigo wa msukosuko wa hewa nyuma ya ndege kubwa, usioonekana. Abaki juu ya njia iliyopita ndege hiyo, aguse ardhi baada ya kupita pale ilipogusa.

TCAS, chombo cha ndani ya ndege cha kuzuia kugongana, haichukui nafasi ya yeyote kati yao, lakini ikiamuru kupanda, rubani apande hata kama mwongozaji amesema shuka. Mwaka 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, ndege moja ilifuata chombo, nyingine ikamfuata mwongozaji. Zikagongana, wakafa watu 71.