Kisoma hitilafu cha OBD2: ununue chako, au kiwe cha kikundi kizima?

Karibuni ndugu watazamaji, wapenzi wa magari, na nyinyi mliokokotwa tu na marafiki zenu wapenda magari. Kidude hiki cha bluu nilichoshika, nakisogeza karibu na kamera mkione, kinaenea kwenye kiganja na bado kuna nafasi. Ni kisoma hitilafu cha OBD2, yaani mfumo wa gari kujikagua lenyewe, aina ya Bluetooth. Unakichomeka chini ya usukani, kinachota taarifa kwenye kompyuta ya gari na kuzimwaga kwenye simu yako.

Wengi huuliza mambo mawili tu: kinasoma gari langu, na nitajuaje kama ni orijino? Nitayajibu. Ila mimi kidude hiki nimekitumia zaidi kwenye vikao vyetu vya magari kuliko kwenye gari langu mwenyewe, na hukumu yangu imetokea huko. Naitoa mapema: ukiwa peke yako ni kifaa kizuri, basi. Mkiwa kikundi chenye magari mchanganyiko, kimoja kinawatosha nyote, na kinabadilisha namna mnavyosimama mbele ya boneti lililofunguliwa.

Mnajua ilivyokuwa. Gari linamisi, yaani injini haichomi mafuta sawasawa, watu sita wamelizunguka, na mwenye sauti kubwa ndiye fundi. Mmoja anasema plagi, mwingine pampu ya mafuta, wa tatu anaapa kwamba gari la shemeji yake lilifanya hivyo hivyo na dawa ilikuwa kubadilisha injini. Mwenye gari anaondoka na orodha ya vipuri vya kununua na hajui aanzie wapi.

Tuanze na tundu lenyewe. Liko chini ya dashibodi upande wa dereva, lina pini 16, na umbo lake ni la kipande kilichopunguzwa upande mmoja, kwa hiyo huwezi kuchomeka kinyume. Marekani ililazimisha mfumo huu kwa magari mapya ya kuanzia mwaka 1996. Ulaya ikafuata, ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli mwaka 2004. Gari lako likiwa ndani ya miaka hiyo na liliuzwa huko, nafasi ya kusomeka ni kubwa mno. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, hasa ya miaka ya mwanzo ya 2000, ni habari nyingine: tundu linaweza kuwepo, pini zinakaa sawasawa, lakini gari likabaki kimya au likatoa taarifa nusu nusu. Kabla ya kununua, mwombe mwenzako mwenye kisoma kama hiki akujaribishie. Hapo tayari umeshaona faida ya kuwa na wenzako.

Na wenye magari ya kabureta je? Kwenye kikundi chetu yupo mzee mmoja, gari lake halina kompyuta hata moja. Mwanzoni nilidhani kidude hiki kitamweka pembeni. Wapi! Yeye huweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini kwenye sikio, anasikiliza, anataja silinda, halafu anatutazama tukihangaika kuunganisha simu. Tukipata jibu lile lile anacheka. Tukipata tofauti, tunarudia kipimo. Siku hizi hatukubali jibu la simu mpaka mzee naye awe amesikiliza.

Sasa suala la orijino. Chipu ya asili inaitwa ELM327, ilitengenezwa na kampuni ya Elm Electronics ya Kanada. Toleo lake la kwanza halikufungwa dhidi ya kunakiliwa, likanakiliwa, na nakala zikajaa dunia nzima. Kampuni yenyewe ilifunga shughuli mwaka 2022. Kwa hiyo hivi vya bei ya chini unavyoviona, hiki cha kwangu kikiwemo, ni nakala, na hakuna haja ya kudanganyana. La kujiuliza ni kama nakala yako inafanya kazi. Kichekesho ni kwamba nyingi zimeandikwa toleo 1.5, toleo ambalo wenyewe hawakuwahi kulitoa, na mara nyingi hizo hufanya kazi vizuri kuliko zilizoandikwa 2.1, ambazo hupunguziwa amri humo ndani na kugoma kwenye baadhi ya magari. Namba kubwa kwenye boksi isikuchanganye.

Wenye iPhone, tulieni kidogo. Vile vya Bluetooth ya zamani havitaelewana na simu yenu. Tafuteni cha Wi-Fi, au kilichoandikwa wazi kwamba kina Bluetooth 4.0 au zaidi na kinafanya kazi na iPhone. Kwenye kikundi, wa Android mmoja anatosha kuwahudumia wote, na naomba mabishano ya simu gani bora tuyaache kwenye gari.

Twende kwenye kazi. Hapa nimechomeka, swichi imewashwa, injini bado. Programu inauliza namba ya siri, huwa ni 1234 au 0000. Nasubiri... imeunganika. Gari hili ni la dada mmoja wa kikundi, taa ya injini inawaka, na likikanyagwa linatetemeka. Nabonyeza kusoma hitilafu: P0301. Maana yake, silinda namba moja inamisi. Angalieni vizuri hapa, maana ndipo watu wanapotupa pesa. Kidude hakijasema koili, ile inayoipa plagi umeme, imekufa. Kimesema silinda ya kwanza haichomi inavyotakiwa. Inaweza kuwa koili, plagi, nozeli inayopuliza mafuta, hata kubana kwa silinda kumepungua.

Sasa mbinu ambayo haina gharama: tunachomoa koili ya silinda ya kwanza na kuipeleka ya tatu, ya tatu inakuja ya kwanza. Tunafuta hitilafu, tunawasha, tunasubiri. Ikirudi P0303, ugonjwa umehama na koili, mhalifu kapatikana. Ikirudi P0301 ile ile, koili haina kosa, tugeukie plagi. Na hapa ilirudi P0303. Jamaa mwingine pale nyuma ana gari la jina tofauti kabisa lakini injini ni ile ile, akatoa koili yake moja tukaijaribu, mtetemeko ukaisha. Dada akajua anakwenda kununua nini, kimoja, bila kubahatisha. Mkiona taa ya injini inapepesa badala ya kuwaka tu, msiendelee kuendesha mkisubiri siku ya kikao. Kumisi kwa kiwango hicho kunaunguza katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi.

Hilo la injini moja kwenye magari tofauti watu hulidharau. Chukua injini ya 1NZ-FE ya Toyota: imefungwa kwenye Yaris, Corolla, Probox na mengine. Watu wanaotaniana kila wiki kwamba gari lako ni la kubebea mizigo na langu ni la kifahari, wakifungua boneti wanakuta koili moja, sensa moja, ugonjwa mmoja. Utani unaendelea, lakini vipuri vya kujaribia vinazunguka.

Kitu kinachonifurahisha kuliko hata kusoma hitilafu ni taarifa za moja kwa moja, injini ikiwa inafanya kazi. Mfano ni P0171, hewa nyingi mafuta kidogo. Fungua sehemu ya marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta, yale ya muda mfupi na ya muda mrefu, ujumlishe. Karibu na sifuri ni afya. Ikipita asilimia 10 juu au chini, kuna jambo. Ikiwa injini imetulia unaona 20 na kitu, halafu ukikanyaga hadi mizunguko 2500 kwa dakika inashuka kuelekea sifuri, tafuta mpira uliopasuka unaovuta hewa ya pembeni. Ikibaki juu au kuzidi kupanda unapokanyaga, mashaka yahamie kwenye mafuta yenyewe, yaani pampu na filta, au kwenye sensa ya hewa inayoingia.

Na kipimo hiki kinataka watu. Mmoja kwenye usukani anashikilia mafuta, mmoja anasoma namba kwa sauti, mmoja ameinama anasikiliza wapi panapumua. Kwetu kijana mgeni hupewa simu asome. Kwa nusu saa anajifunza mengi kuliko kusimama nyuma akitikisa kichwa, na hakuna anayemuuliza anaendesha gari gani.

Safarini pia kimetusaidia. Mshale wa joto kwenye magari mengi ya siku hizi umepangwa usimame katikati hata joto linapobadilika nyuzi kadhaa, ukianza kupanda umeshachelewa. Kidude kinatoa namba halisi. Kawaida ni kama nyuzi 90, juu au chini kidogo kulingana na gari. Tukienda msafara na kuna mlima mrefu, gari lenye rejeta ya mashaka ndilo linalopewa kidude. Abiria, narudia abiria, anasoma namba na kuwataarifu wengine kwa redio ya upepo, na likipanda sana wote tunasimama. Hakuna anayemwacha mwenzake eti atatukuta mbele.

Sasa ya upande wa pili. Programu za kawaida zitasoma injini tu. ABS, yaani mfumo wa kuzuia breki zisifunge magurudumu, na mifuko ya hewa mara nyingi hazionekani. Wenye Ford na Mazda wana FORScan inayochimba zaidi, wengine watafute iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lao. Kidude kimetokeza, goti la dereva mrefu litakigonga. Na ukikiacha kimechomekwa gari likilala, kinaendelea kunyonya betri kidogo kidogo, maana pini ya 16 ina umeme muda wote. Gari la kila siku halitahisi. Lile linalosubiri mwisho wa mwezi ndio litolewe, litakukatalia kuwaka.

Halafu kuna adabu, na hii haimo kwenye kijitabu cha maelekezo. Usifute hitilafu kwenye gari la mtu kabla hajaziandika. Ukifuta, unafuta na kumbukumbu ya hali ya injini wakati tatizo linatokea, na vipimo vya ndani vya gari vinaanza upya. Fundi atakayelipokea kesho hatakuwa na pa kuanzia. Usichomeke kwenye gari la mtu bila kumwomba, hata kama ni rafiki wa miaka. Na kuna mstari mmoja kwenye programu unaoonyesha umbali uliotembewa tangu hitilafu zifutwe. Watu wa kikundi kimoja huuziana magari, sivyo? Basi mwenzako anakuambia gari halijawahi kuwasha taa, unachomeka, unaona kilomita 12. Kabla hujamkunjia uso muulize kama amebadilisha betri karibuni, kwa sababu kutoa betri nako kunaweza kurudisha hesabu hiyo sifuri. Kama hajabadilisha, mwambie pale pale, wawili, kando. Nimeona kikundi kikigawanyika kwa jambo dogo kuliko hilo, na lililowauma zaidi ni kwamba lilisemwa mbele za watu.

Kero yangu kubwa ni ya kuchekesha. Vidude hivi karibu vyote hujitambulisha kwa jina moja, OBDII. Mkikutana watatu mmevichomeka, simu inaonyesha majina matatu yanayofanana. Tulishakaa tukishangaa gari lililozimwa lina joto la nyuzi 88 na mizunguko 800. Kumbe simu ilikuwa inasoma gari la jirani. Namba ya siri nayo ni ile ile kwa kila mtu, kwa hiyo usikiache kimechomekwa umeegesha penye watu.

Ndiyo maana nasema kimoja kwa kikundi. Mpeni mtu mmoja asiyesahau vitu akitunze, kiwe kwenye mfuko wake pamoja na tochi na daftari. Daftari ni lazima: gari, injini, kilomita, namba ya hitilafu, kilichojaribiwa, kilichoponya. Simu hubadilishwa na programu hufutwa, lakini ukurasa unaosema P0420, yaani katalisti haisafishi inavyotakiwa, kisha chini yake "ilikuwa ekzosi inavuja kabla ya sensa, katalisti haina kosa" umemwokoa mtu mwingine asinunue katalisti, na hicho si kipuri cha bei ya kuchezea.

Nani anunue chake binafsi? Anayesafiri mbali peke yake, mwenye gari lenye ugonjwa unaojirudia, na anayenunua na kuuza magari. Hao watafute chenye swichi ya kuzima, waepuke vile vidogo kupita kiasi. Alama zangu: saba kwa kumi ukiwa nacho peke yako, tisa kikiwa cha kikundi. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya aliyeamua vyote viitwe OBDII.